Kihisi cha Krenkishafti: Kifaa Kidogo Kinachozima Gari Zima
Mazungumzo kwa wamiliki na madereva wa magari



 Mmezoea kutusikia tukizungumzia matairi, mafuta ya breki na mikanda ya usalama, mambo ambayo kila mwenye gari anayajua walau kwa jina. Leo tumechagua kifaa kinacholingana na kidole gumba, kilichojificha ubavuni mwa injini, ambacho aghalabu hakionekani hata boneti ikifunuliwa. Tumekichagua kwa sababu malalamiko ya wamiliki wa magari yanayoletwa mbele yetu yana mtindo mmoja unaojirudia: gari lilizimika njiani, likapelekwa gereji, likabadilishwa vipuri vitatu au vinne, fedha zikaisha, na gari likaendelea kuzimika. Tulipofuatilia mwisho wa safari hizo ndefu, zaidi ya mara moja tulikikuta kifaa hiki.

Jina lake rasmi ni kihisi cha nafasi ya krenkishafti. Mafundi wetu hukiita krenki sensa, na mkienda nalo jina hilo dukani mtaeleweka. Krenkishafti ni ule mhimili mkubwa ulio chini ya injini, unaozungushwa na pistoni zinapopanda na kushuka. Ndio unaogeuza msukumo wa pistoni kuwa mzunguko, na mzunguko huo ndio unaofika kwenye magurudumu. Kazi ya kihisi ni kuutazama mhimili huo bila kuugusa, na kuiarifu kompyuta ya injini, yaani ile kontroli boksi, mambo mawili: mhimili umefika wapi katika mzunguko wake, na unazunguka kwa kasi gani.

Wazee wetu walioendesha Peugeot 504 na Land Rover za zamani hawakukihitaji. Magari yale yalikuwa na distribyuta, iliyounganishwa na injini kwa gia, na injini ilipozunguka nayo ilizunguka, ikaigawia kila plagi umeme wake kwa zamu. Fundi aliweka taimingi kwa kuigeuza distribyuta kwa mkono na kusikiliza. Katika magari mengi ya siku hizi distribyuta haipo tena. Kila plagi ina koili yake, kila silinda ina nozeli yake ya mafuta, na anayetoa amri ya lini cheche iwake na lini nozeli ifunguke ni kompyuta. Lakini kompyuta hiyo haina macho. Isipoambiwa pistoni ipo wapi, haiwezi kuamuru lolote, na kwa hiyo hunyamaza. Injini haipati cheche wala mafuta, hata kama plagi ni mpya na tangi limejaa pomoni.

Turuhusuni tukae kidogo juu ya namna kifaa hiki kinavyofanya kazi, kwa kuwa anayelielewa hili hatadanganywa kwa urahisi. Kwenye krenkishafti kumefungwa gurudumu la chuma lenye meno. Katika magari mengi ya Toyota, ikiwamo IST ambayo wengi wenu mmeziegesha hapo nje, gurudumu hilo limegawanywa katika nafasi 36, lakini meno yaliyopo ni 34 tu. Meno mawili yameachwa makusudi yasiwepo. Magari mengi ya Kijerumani yana nafasi 60 na meno 58. Kihisi kimewekwa karibu sana na meno hayo, kwa umbali ambao kwa kawaida ni kati ya nusu milimita na milimita moja na nusu. Kila jino linapopita, kihisi hutoa mpigo mmoja wa umeme. Pale penye pengo mpigo hukosekana, na kwa kukosekana kwake kompyuta hujua: hapa ndipo mwanzo wa kuhesabu. Injini inapozunguka mara 3000 kwa dakika, mhimili huzunguka mara 50 katika sekunde moja, maana yake ni nafasi 1800 zinazopita mbele ya kihisi katika muda wa kutamka neno moja. Hesabu hiyo ikiparaganyika, injini huanza kukohoa; ikikatika kabisa, injini huzima papo hapo.

Vipo vya aina mbili kuu. Aina ya kwanza ina sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, na hutengeneza umeme wake yenyewe jino linapopita. Mara nyingi hujulikana kwa kuwa na nyaya mbili. Aina ya pili huletewa umeme na gari, nayo hurudisha ishara ya kuwaka na kuzima. Hiyo kwa kawaida ina nyaya tatu. Tofauti hii si ya mafundi peke yao. Kihisi cha aina ya kwanza hutoa ishara hafifu injini inapozungushwa polepole, hivyo batri iliyochoka inaweza kufanya gari lionekane lina ubovu wa kihisi ilhali ubovu ni wa batri. Vilevile, fundi anayepima kihisi cha nyaya tatu kwa kipimo cha ukinzani kama anavyopima cha nyaya mbili atapata jibu lisilo na maana, kisha atawaambia kimekufa.

Pamoja nacho, gari huwa na ndugu yake, kihisi cha kemshafti. Injini zetu hukamilisha kazi yake katika mizunguko miwili ya krenkishafti, kwa hiyo kihisi cha krenki peke yake kinajua pistoni iko juu, lakini hakijui kama iko juu kwa kuwasha au kwa kutoa moshi. Ndugu huyo ndiye anayetofautisha. Majina yao yanafanana, na vyenyewe vyaweza kufanana kwa sura. Tumepata kuona mteja akiuziwa kimoja kwa jina la kingine.

Sasa tuje kwenye dalili. Iliyo ya wazi zaidi ni hii: mnapozungusha ufunguo stata inazungusha injini kwa nguvu zake zote, taa zinawaka, lakini injini haishiki. Wakati huo tazameni mshale wa mizunguko kwenye dashibodi. Katika magari mengi mshale huo hupata habari zake kutoka kwa kihisi hiki hiki. Stata ikiwa inazungusha na mshale ukatikisika kidogo na kupanda, kuna uwezekano kwamba kihisi kinasema kitu. Mshale ukilala kwenye sifuri bila kutikisika, hiyo ni ishara ya kukishuku. Si ushahidi kamili, kwani yapo magari ambayo mshale wake hauonyeshi kitu mpaka injini iwake, lakini ni kipimo kisicho na gharama na mnaweza kukifanya mkiwa mmekaa kitini.

Dalili ya pili ndiyo inayowagharimu watu. Gari linawaka asubuhi bila shida. Linakwenda nusu saa, dakika arobaini, injini imepata moto sawasawa, mmekwama kwenye foleni jua likiwaka. Ghafla linazima, kana kwamba mtu amekata ufunguo. Mnajaribu kuliwasha, haliwaki. Mnasukuma pembeni, mnasubiri, mnapiga simu. Baada ya nusu saa mtu anasema hebu tujaribu tena, na gari linawaka kama halikuwa na tatizo lolote. Mnakwenda nyumbani. Kesho hivyo hivyo. Waya mwembamba ulio ndani ya kihisi, au kiungo chake, umepata ufa. Joto linapoupanua, ufa unafunguka na umeme unakatika. Ukipoa, unagusana tena. Mnapomfikishia fundi gari lililokwisha kupoa, anakuta linanguruma vizuri, naye hana cha kukiona.

Hapo ndipo kubahatisha kunapoanza. Tutawasimulia shauri moja lililoletwa kwetu, bila kutaja mwenyewe, gereji wala maduka. Mama mmoja anayetumia gari lake kusambaza chakula maofisini alipata tatizo hilo. Fundi wa kwanza alisikiliza tangini, akasema pampu ya mafuta haisikiki, kwa hiyo imekufa. Alikuwa mkweli kwamba haisikiki. Alilosahau ni kwamba katika magari mengi kompyuta huikatia pampu umeme inapoona injini haizunguki. Na kihisi kikinyamaza, kompyuta huamini kwamba injini haizunguki. Pampu ilinyamaza kwa amri. Ikanunuliwa mpya. Wakati wa kuifunga gari lilipoa, likawaka, na kila mtu akafurahi kwa siku mbili.

Fundi wa pili alibadilisha plagi zote nne na koili mbili. Huyu alikuwa na mashine ya kupimia, lakini kabla ya kuichomeka alitoa kichwa cha batri “ili gari lipumue,” na kwa kufanya hivyo akafuta kumbukumbu ambayo mashine ingeisoma. Mashine ikasema hakuna kosa. Wa tatu akahitimisha kwamba kontroli boksi imeungua, na akamtafutia nyingine. Gari likazima tena siku ya tatu, safari hii likiwa na sufuria za wali na mchuzi wa watu zaidi ya hamsini. Mwenye kazi ya namna hiyo akichelewesha chakula mara tatu, hapotezi siku tatu, anapoteza wateja.

Aliyelimaliza tatizo ni fundi umeme ambaye hakufungua kitu chochote siku ya kwanza. Alimwomba alizungushe gari mpaka lizime lenyewe, akalifuata lilipo, akasoma kumbukumbu ya kompyuta likiwa bado na moto, akakuta namba P0335. Akaweka kitambaa chenye maji ya baridi juu ya kihisi, akasubiri dakika chache, gari likawaka. Kihisi kilichonunuliwa baada ya hapo kilikuwa na bei ndogo kuliko pampu peke yake.

Mama huyo alipofika kwetu alitaka arudishiwe fedha zote. Tulisikitika kwamba hatukuweza. Pampu ilikuwa nzima. Duka lililomuuzia halikuwa na kosa. Gereji mbili za kwanza hazikumpa karatasi yoyote inayoonyesha zilipima nini na kwa nini ziliamua hivyo, na vipuri vya zamani vilikwisha kutupwa au kuuzwa. Tulipata pa kushika katika jambo moja tu. Kontroli boksi ilikuwa na risiti iliyoandikwa kwamba ni mpya, nayo ilikuwa na alama dhahiri za kufunguliwa na kufungwa. Kwa ajili ya neno hilo moja, “mpya,” muuzaji alimrudishia fedha zake. Mengine yote yalikwenda kwa kukosa maandishi.

Kwa hiyo tuseme wazi juu ya maandishi. Fundi anapopendekeza kubadilisha kipuri cha umeme, mwombeni kwa adabu awaandikie mambo matatu: dalili aliyoiona, kipimo alichofanya, na jibu la kipimo hicho. Fundi mwema hachukizwi na ombi hilo. Namba ya kosa iliyotolewa na mashine iandikwe kama ilivyo, au ipigwe picha kwa simu, kabla haijafutwa na kabla kichwa cha batri hakijaguswa. Na kipuri cha zamani ni mali yenu, kabidhiwe mkononi.

Hata namba ya kosa yenyewe isipewe heshima isiyo yake. P0335 haisemi kwamba kihisi kimekufa. Inasema kwamba mkondo wa kihisi una hitilafu, na mkondo huo una kihisi, nyaya, soketi, gurudumu la meno na hata kompyuta. P0336 husema ishara ipo lakini haieleweki, jambo ambalo mara nyingi hutokana na uchafu, jino lililopinda au gurudumu lililolegea. P0339 husema ishara inakatikakatika. Fundi anayesoma P0335 na papo hapo kutamka bei ya kihisi amesoma mstari wa kwanza tu wa barua. Anapaswa kuchomoa soketi na kuitazama kama ina kutu au oili, kufuata nyaya mpaka zinapopotelea, kupima kama umeme unafika kwa kihisi cha nyaya tatu, na kupima ukinzani kwa kihisi cha nyaya mbili kikiwa baridi na kikiwa na moto, akilinganisha na kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari hilo. Ukinzani wa vihisi hivyo hutofautiana sana, kuanzia mamia machache ya omu hadi zaidi ya 2000, kwa hiyo jibu la “kipimo ni kizuri” bila kitabu cha gari si jibu.

Kwa upande wa matunzo tutakuwa wafupi, maana kwa kweli hakuna mengi. Kihisi hiki hakina muda wa kubadilishwa katika ratiba ya kawaida ya sevisi, kama ilivyo oili na chujio. Anayewaambia kibadilishwe kila baada ya kilomita kadhaa “kwa tahadhari” anawauzia kitu msichokihitaji. Kinaweza kuishi miaka mingi kikiachwa salama. Kinachokiua ni joto, mtikisiko, oili, maji na mikono ya watu.

Oili huvuja kutoka kwenye sili ya krenkishafti na kuloanisha kihisi na soketi yake. Ziba mvujo kwanza, kwa sababu kihisi kipya kitakachofungwa ndani ya oili ile ile kitafuata njia ya kile cha zamani. Nyaya zake zina vibanio vya plastiki vinavyoziweka mbali na bomba la moshi na mikanda inayozunguka. Vibanio hivyo huvunjika wakati wa matengenezo mengine na watu hawavirudishi, waya ukalalia chuma chenye moto hadi ukayeyuka ganda lake. Kama gari lenu limetoka kufanyiwa kazi ya klachi au gia boksi na likaanza kuzima wiki hiyo hiyo, anzieni hapo. Katika magari mengi kihisi kiko ubavuni mwa flaiwili, na waya wake hubanwa au husahauliwa kwa urahisi. Sumaku iliyomo ndani yake huvuta vumbi la chuma, na vumbi hilo likirundikana kwenye ncha huharibu ishara. Hufutwa kwa kitambaa kikavu, wala halikwanguliwi kwa bisibisi.

Kuna pia kuosha injini. Tunajua inapendeza kufunua boneti na kukuta injini inang’aa, hasa mtu anapotaka kuuza gari. Lakini maji ya pampu yenye nguvu huingia ndani ya soketi zilizotengenezwa kustahimili manyunyu tu, na kwa wakazi wa pwani chumvi iliyo hewani huongezea kutu juu yake. Osheni mwili wa gari mtakavyo, injini ipanguswe.

Wakati wa kufunga kihisi kipya, yako mambo machache ambayo mnaweza kuyaangalia hata kama si mafundi. Kisipigwe nyundo, ndani yake mna sumaku na waya mwembamba kuliko unywele. Ile ringi ndogo ya mpira iwepo, na ipakwe oili kidogo ili isikatike. Bolti yake ni ndogo, yafaa ikazwe kwa kiasi, kwani ikikazwa kupita kiasi sikio la plastiki hupasuka. Yapo magari, hasa baadhi ya yale ya Kimarekani, ambayo baada ya kazi hii yanahitaji kompyuta ifundishwe upya kwa mashine. Muulizeni fundi kabla, si baada.

Tumefika dukani. Mwenye gari akienda Gerezani au Kariakoo na kusema “naomba krenki sensa ya IST,” atapewa kitu, lakini si lazima kiwe chake, kwa sababu jina moja la gari lina injini zaidi ya moja. Chukueni namba ya chesisi. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu 17. Yana namba fupi yenye kistari katikati, iliyobandikwa kwenye kibati ndani ya boneti, na kwa hiyo muuzaji mwenye programu ya vipuri hupata namba halisi ya kipuri. Namba za vipuri vya Toyota kwa kawaida ni herufi na tarakimu kumi, tano, kistari, kisha tano. Linganisheni namba iliyochapishwa kwenye kihisi cha zamani na iliyo kwenye kipya, kisha linganisheni umbo la soketi na urefu wa ncha. Ncha ikizidi kwa milimita mbili itagongwa na meno siku ya kwanza. Ikipungua, kihisi hakitaona kitu.

Madukani mna vitu vya daraja nne: cha mtengenezaji wa gari, cha kampuni nyingine inayojulikana kwa jina lake, cha bei ya chini kisicho na jina, na cha mtumba kilichotolewa kwenye gari lililovunjwa. Hatuwaambii mnunue cha bei ya juu siku zote. Kihisi cha kampuni nyingine iliyo makini chaweza kudumu sawa na cha mtengenezaji. Kuhusu cha mtumba tuna maoni yetu: mlango au taa ya mtumba ni ununuzi wa busara, lakini kihisi ambacho ugonjwa wake hujitokeza kwenye joto tu hakiwezi kukaguliwa kaunta, na kilichotolewa kwenye gari lililokufa chaweza kuwa ndicho kilicholiua.

Kuna daraja la tano, ambalo si daraja bali ni kosa: kitu kisicho na jina kilichotiwa ndani ya boksi lenye jina la mwingine. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inalikataza hilo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu asili, hali au ubora wa bidhaa. Maandishi yaliyofifia, namba ya boksi isiyolingana na ya kihisi, bei inayoshuka kwa nusu mara tu mnapogeuka kuondoka, na muuzaji anayekwepa kutoa risiti ya EFD, yote hayo yanatosha kuwafanya mrudishe fedha mfukoni.

Maduka mengi ya vipuri vya umeme yana bango: mali ikishauzwa hairudishwi. Tunaelewa hofu yao. Mtu hununua kihisi, hukijaribu, akikuta tatizo ni jingine hukirudisha kikiwa na oili na alama za spana. Muuzaji naye ana haki ya kutouza kitu kilichokwisha kutumika kwa bei ya kipya. Lakini bango la ukutani haliondoi katazo la kumpotosha mlaji. Mliyemwomba kipya akawapa cha zamani, mliyemwomba cha injini hii akawapa cha ile huku namba ya chesisi mkiwa mmempa, huyo hawezi kujificha nyuma ya bango. Ndiyo maana tunasisitiza risiti ibebe maneno: kihisi cha krenkishafti, namba yake, jina la kampuni, kipya au kilichotumika, na siku za kukijaribu kama mmekubaliana. Sentensi moja ya kalamu inatosha.

Tusiondoke bila kusema la usalama. Gari likizima kwenye foleni ni kero. Likizima kwenye mteremko wa Kitonga, nyuma yenu kuna lori la mizigo, ni jambo jingine. Injini inapokufa, usukani huwa mzito ghafla lakini bado unageuka. Shikeni kwa mikono miwili. Breki hubaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu, baada ya hapo pedali huwa ngumu kama jiwe. Kwa hiyo msipampu. Kanyageni mara moja, kwa uthabiti, bila kuachia, mkielekea pembeni, na washeni taa za hadhari. Ufunguo usitolewe wala kurudishwa mwisho gari likiwa bado linatembea, kwani usukani unaweza kujifunga. Mkishasimama, wekeni vibao vya pembetatu mbali vya kutosha ili anayekuja na mzigo apate nafasi ya kusimama. Msilazimishe stata zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja, na msilisukume gari mkitumaini kwamba litashika: kama kihisi kimenyamaza, kulisukuma hakutakifanya kiseme, na gari la gia za otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa hata kikiwa kizima.

Na kama gari limekwisha kuzima likiwa na moto mara moja, hata kama limewaka tena, safari ya mkoani iahirishwe mpaka lipimwe. Tunalisema hili tukijua kwamba gari ni kazi kwa wengi wenu, na siku bila gari ni siku bila kipato.

Kwa wale wanaofikiria kununua gari lililotumika, neno moja la kuongezea. Msiridhike na kuliwasha uani kwa dalali. Liendesheni walau dakika arobaini mpaka lipate moto kamili, lizimeni, subirini dakika tano, kisha liwasheni tena. Mkiwa na fundi mwenye mashine, mwambieni aangalie si makosa yaliyopo tu bali pia kama kumbukumbu imefutwa hivi karibuni. Kompyuta huonyesha kwamba majaribio yake ya ndani bado hayajakamilika.

Mezani hapa tumeweka vihisi vitatu. Cha kwanza ni kipya, cha pili kimeliwa na oili, na cha tatu ni cha yule mama, ambaye ametuazima ili mkione. Ukikitazama kwa macho hakina hata mkwaruzo. Ndugu fundi umeme aliyeketi mwisho wa meza atawaonyesha namna ya kukipima kikiwa baridi, kisha atakipasha joto na kukipima tena mbele yenu. Wenye risiti au vipuri vinavyowatia shaka, anzeni foleni upande wa dirisha, na kila mmoja aje na namba yake ya chesisi.